Mechi 9, dakika 61

SAFU YA USHAURI: WATOTO NA SOKA

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Kijana wangu wa tatu alitimiza miaka 12 Novemba iliyopita, yuko darasa la sita. Tangu mdogo yeye ni mtu wa mpira tu. Ukimtuma chumvi anakwenda akipiga danadana na kurudi akipiga danadana, chumvi kaisahau dukani. Mwaka jana nikamwandikisha kwenye kituo kimoja cha soka cha hapa mjini, timu ya chini ya miaka 13. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, jezi nilinunua 18,000, na kila mechi ya mbali tunachangishwa nauli.

Wapo 22 na mwalimu mmoja. Msimu huu wamecheza mechi 9 za dakika 50. Roho ilikuwa inaniuma, nikaanza kuhesabu: mwanangu kacheza dakika 61, zote kwa jumla. Mechi 3 hakuinuka benchi kabisa. Zamani alikuwa kiungo. Siku hizi akiingizwa anawekwa beki wa kushoto, tena dakika za mwisho, timu ikiwa imeshashinda au imeshafungwa. Wakati huohuo yupo mtoto ambaye baba yake ndiye aliyetoa mipira 5 na seti ya jezi. Huyo hatoki uwanjani hata aharibu vipi. Halafu wameletwa wawili juzijuzi, ndevu zinachomoza, tunaambiwa nao wana miaka 12. Mmoja akiita mpira utadhani ananadi samaki.

Nikiuliza naambiwa mwanangu ni mdogo wa umbo, asubiri. Mzazi mwenzangu kaninong'oneza nitafute cheti kipya nimpunguzie mtoto miaka 2, eti wote wanafanya hivyo. Mwingine anasema nimpoze mwalimu kwa chochote. Ada yenyewe inadaiwa tarehe 5. Tarehe hiyo ikiangukia mbalamwezi, mitumbwi haiingii ziwani, mimi sina hela, na mtoto anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake.

Isitoshe, huu mwezi wa pili analalamikia goti, chini kidogo ya kifuniko. Mwalimu anasema ni uvivu.

Jumamosi ijayo kuna fainali ya bonanza. Nimepanga kumfuata mwalimu palepale uwanjani, wazazi wote wakisikia, nimwambie ya moyoni. Au nimhamishe mtoto? Naomba ushauri.

Mama wa Kibirizi

*

Mama wa Kibirizi, pole. Na hongera kwa kuhesabu, maana hapo umewazidi wazazi wengi. "Mwanangu anaonewa" ni maneno ambayo kila mwalimu wa watoto ameyazoea. Yanaingia sikio hili yanatokea lile. "Kacheza dakika 61 katika 450" hayana pa kutokea.

Tuimalizie hesabu yako. Watoto ni 22, uwanjani wanaingia 11. Dakika 450 zikigawanywa sawa kwa wote, kila mmoja anapata 225. Wako kapata 61, hata theluthi ya fungu lake haijafika. Hakuna anayetaka mwalimu agawe dakika kama anavyogawa uji, kijiko kwa kijiko. Yupo anayekuja mazoezini kila siku na yupo wa kuonekana siku ya mechi tu. Lakini kwa timu ya chini ya miaka 13, mtoto anayehudhuria asishuke chini ya nusu ya fungu lake, yaani kama dakika 112 kwa mechi hizo 9. Akishuka zaidi ya hapo hafundishwi mpira, anawachangia wenzake nauli.

Kwa hiyo swali la kwanza tunakurudishia wewe: mahudhurio yake yakoje? Kama siku za kuanika dagaa hukosa mazoezi kwa sababu anakusaidia, mwalimu atakuwa na jibu kabla hujamaliza salamu. Nunua daftari dogo, chora safu: tarehe, mazoezi au mechi, kaingia dakika ya ngapi, katoka ya ngapi, kacheza nafasi gani, na wakati anaingia matokeo yalikuwa ngapi kwa ngapi. Hiyo safu ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayosema mengi. Mtoto anayeingizwa kila mara timu ikiwa imeongoza mabao 3 mwalimu wake hamwamini bado. Anayeingizwa hata mechi ikiwa ngumu, japo kwa dakika 10, anaandaliwa. Kwa maelezo yako wako ni wa kundi la kwanza, na hilo linatibika kuliko rushwa.

Kuhusu rushwa, twende polepole. Inawezekana ipo. Lakini kuna sababu inayowaweka benchi watoto wadogo wa umbo hata pale ambapo mwalimu ni mwaminifu kama malaika, nayo ni uwanja wenyewe. Uwanja wa watu wazima una urefu wa mita 90 hadi 120. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Msimamishe hapo kipa wa miaka 12 mwenye sentimita 145, na kila shuti la juu ni bao. Watoto wakishaligundua hilo, mpira unakuwa wa kubutua: beki anatoa butu, kijana mwenye miguu mirefu anaufukuza, anauinua juu ya kipa, watu wanashangilia. Kiungo wako, anayejua kuutuliza mpira na kutoa pasi ya mita 6, anautazama ukimpita juu kama kunguru. Mwalimu anayetaka kombe atapanga wakubwa, wala hahitaji kuhongwa na mtu.

Ndiyo maana ombi la kwanza la wazazi liwe kubadili mchezo kabla ya kugombania namba. Gaweni uwanja huohuo katikati, kila nusu watoto wacheze kwa upana, toka mstari wa pembeni mmoja hadi mwingine. Saba kwa saba wanahitaji kama mita 55 kwa 37, na nusu ya uwanja wa kawaida inatosha na kubaki. Goli liwe mita 3.66 kwa 1.83. Mianzi inafaa: miwili ya kusimama, mmoja wa juu au kamba ya nailoni iliyovutwa ikakaza. Chimbieni nguzo nusu mita na mshindilie udongo, kwa sababu goli lililosimamishwa tu huanguka mtoto akilining'inia, na magoli ya namna hiyo yameshaua. Mistari ni majivu, si chokaa. Chokaa, hata iliyokwisha kuzimwa kwa maji, inaweza kuunguza ngozi na macho. Pembeni wekeni ndala kuukuu badala ya mawe. Mpira uwe namba 4. Namba 5 ni wa kuanzia miaka 13, na kwa mguu wa mtoto ni mzito, hasa ukilowa.

Sasa tazama dakika zinavyoongezeka. Gawa watoto 22 vikosi viwili vya 11, vyote vicheze kwa wakati mmoja. Kila kikosi kina nafasi 7 kwa dakika 50, yaani dakika 350 za kugawana watu 11: karibu 32 kwa kila mtoto, badala ya 25 za kumi na moja kwa kumi na moja. Na kwa kuwa mpira mmoja sasa unagombaniwa na watoto 14 badala ya 22, kila mmoja anaugusa mara nyingi zaidi katika dakika hizohizo. Mechi igawanywe robo 4 za dakika 12 na nusu, mabadiliko yafanyike kati ya robo, majina yakiwa yameandikwa tangu asubuhi. Yasipoandikwa, mwalimu atanogewa na mechi na karatasi ya kichwani itafutika. Hilo huwakuta hata walimu wazuri.

Mnapokwama ni hapa: mwalimu mmoja hawezi kusimamia viwanja viwili. Kijana wa timu ya chini ya miaka 17 apewe filimbi uwanja wa pili, na mzazi mmoja ashike karatasi ya mabadiliko, bila kufundisha. Tunasisitiza bila kufundisha, maana mzazi akishika karatasi huota uprofesa ghafla. Wageni wakija na watoto 12 tu, waazimeni wawili. Na kama ni mashindano rasmi ya chama cha soka, ambayo kanuni zake ni 11 kwa 11, mwalimu hana la kubadili. Hapo mwombeni mechi za kirafiki za saba kwa saba katikati ya wiki, na robo za kupokezana ndani ya mechi rasmi kama kanuni za mabadiliko zinaruhusu.

Kuna uonevu mwingine ambao haumo kwenye daftari lako, nao ni wa mazoezini. Nenda siku moja, kaa pembeni, nyamaza, chukua zoezi moja la dakika 10 na uhesabu mara ambazo mwanao kaugusa mpira. Zoezi linalopendwa sana ni la foleni: watoto 11 wamejipanga nyuma ya koni, mmoja anakwenda, anapiga, anarudi mwisho wa mstari. Kila zamu ni kama sekunde 15, kwa hiyo mzunguko mzima ni sekunde 165. Kwa dakika 10 mtoto kapiga mara 3, labda 4. Muda uliobaki anasukumana na mwenzake na kuambiwa hana nidhamu. Ukiona hivyo, mwanao hajakosa dakika 164 za mechi tu, amekosa na msimu mzima wa mazoezi, na hata huyo mtoto wa mwenye mipira naye amekosa.

Mipira 5 inatosha kuondoa foleni. Makundi manne ya watoto 5 au 6, kila kundi na mpira wake, mraba wa hatua 8 kila upande: wanaozunguka wanapasiana, mmoja katikati anawinda, anayepoteza mpira anaingia kati. Huhitaji ufundi wa Ulaya kuendesha zoezi hilo, na mtoto hugusa mpira makumi ya mara kwa dakika 10.

Nyumbani, danadana ziendelee, ni burudani na zinazoeza mguu, ila mechi haitaki danadana. Mtoto mdogo wa umbo anahitaji vitu viwili. Kwanza, kutazama kabla: mpira ukiwa bado njiani ageuze shingo, aone nyuma kuna nani. Pili, kupokea akiwa amekaa ubavu, bega moja likielekea ulikotoka mpira na jingine anakotaka kwenda, apokee kwa mguu ulio mbali. Anayepokea akiwa ameupa mgongo upande anaoshambulia atasukumwa na kila kijeba, yaani mkubwa anayechezeshwa na wadogo; anayepokea ubavu ameshaondoka kabla hajaguswa. Ukuta mmoja unatosha: asimame mita 4, apige 50 kwa kulia na 50 kwa kushoto, na kila mpira unaporudi, ndugu yake aliyesimama nyuma ainue vidole, naye ataje ni vingapi kabla hajaugusa. Dakika 10 kwa siku. Wiki 6 hivi utaona shingo inageuka yenyewe.

Beki wa kushoto usimchukie bure. Kama mtoto anatumia mguu wa kushoto, hiyo ni nafasi yenye uhaba wa watu na huenda mwalimu kaona mbali. Hata kama ni wa kulia, kwa miaka 12 kucheza nafasi 2 au 3 kwa msimu kuna faida. Ubaya unakuja pale nafasi inapokuwa mahali pa kumficha.

Sasa hao vijeba, na cheti.

Tuanze na lililo halali. Madaraja ya umri kwa kawaida hukatwa Januari mosi. Mwanao ni wa Novemba. Aliyezaliwa Januari ya mwaka uleule amemtangulia miezi 10, na kwa miaka 12 miezi 10 ni kimo, ni kifua, ni kasi. Vituo duniani kote huwapenda wa mwanzo wa mwaka kwa sababu hiyo bila wenyewe kujua. Juu ya hapo kuna kubalehe, ambako mmoja huanza na miaka 11 na mwingine na 14. Kwa hiyo si kila mwenye sauti nzito ni kijeba. Mwingine kakua mapema tu, na hapendi kunyooshewa kidole na watu wazima. Usimwite mtoto wa mtu kijeba mbele yake. Njia yake ni nyingine: wazazi mkiwa kikundi, ombeni kituo kiwe na faili la kila mtoto, lenye nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa. Watoto wote, na wa kwako akiwa wa kwanza. Cheti ni rahisi kufoji peke yake. Kukipatanisha na kadi ya kliniki ya miaka 12 iliyopita na rejesta ya darasa la kwanza ni kazi.

Hilo la kumpunguzia mwanao miaka 2, usilifanye. Kwanza ni kosa la jinai, na atakayeulizwa ni wewe. Pili, soka limeshapata pa kutazama. Tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa kipimo cha MRI kuona kama mfupa umeshafunga, yaani umeacha kukua. Na sisi Watanzania hatuna haja ya mfano wa mbali. Serengeti Boys walitolewa na Kongo Brazzaville hatua ya mwisho ya kufuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za 2017. Tanzania ikalalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Kongo, shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaagiza akapimwe, Kongo haikumpeleka, ikaondolewa, na vijana wetu ndio wakaenda Gabon. Timu nzima ya watoto waliotoka jasho lao ikabaki nyumbani kwa umri wa mtu mmoja.

Tatu, hata asipokamatwa, anaumia. Mtoto wa 14 akicheza na wa 12 anashinda kwa mbio na kifua, hajifunzi kutazama wala kupokea, kwa sababu hajawahi kuhitaji. Akifika 18 wenzake wamemfikia kwa kimo na wamemwacha kwa akili. Halafu zinabaki karatasi: shule inasema mwaka huu, cheti kinasema ule, na siku ya kuomba kitambulisho cha taifa au pasipoti ndipo anaanza kuzungushwa.

Kumpoza mwalimu "chochote" nako kuache. Ukitoa leo, kesho bei inapanda, na siku ukikosa, mtoto anarudi benchi naye anajua kwa nini. Tatizo la baba mwenye mipira huondolewa kwa kuitoa mipira mikononi mwa mtu mmoja. Wazazi chagueni kamati ya watu 3, mweka hazina asiwe mwalimu, liwepo na daftari la mapato na matumizi linalosomwa mara moja kwa mwezi. Watoto 22 kwa 10,000 ni 220,000, wote wakilipa. Mjue zinakwenda wapi, mwalimu anapata ngapi, marefa ngapi. Mara nyingi mtagundua mwalimu halipwi chochote cha maana, na mtu asiyelipwa huona aibu kumtoa uwanjani mtoto wa anayemnunulia mipira. Msaada wowote upokelewe na kamati, uandikwe, mtoaji ashukuriwe hadharani, basi.

Kamati hiyohiyo ndiyo ya kulisema suala la ada. Mjini Kigoma familia nyingi zinaishi kwa ziwa, na dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Tarehe 5 ni tarehe ya mwenye mshahara. Ombeni ada ilipwe mara mbili, 5,000 na 5,000, ndani ya siku za giza, na utaratibu wa ziwa likifungwa kabisa kwa uvuvi kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Na deni adaiwe mzazi. Kumrudisha mtoto mbele ya wenzake ni kumwadhibu kwa mwezi uliotoka mbinguni.

Goti lisisubiri kamati. Mkalishe kitandani, mguu umenyooka, bonyeza kile kinundu cha mfupa chini ya kifuniko cha goti. Kama maumivu yako hapo hasa, yanazidi akikimbia na kuruka na kupungua akipumzika, yaelekea ni mfupa unaokua unavutwa na msuli wa paja. Huwapata sana watoto wanamichezo wa umri huu, na hauna uhusiano na uvivu. Apunguze mbio na kuruka kwa wiki 2 au 3, abaki na pasi na kazi ya ukuta isiyomuuma, barafu au kitambaa cha maji baridi dakika 15 baada ya mazoezi, na arudi taratibu. Lakini goti zima likivimba, au likimuuma usiku akiwa amelala, au akichechemea asubuhi, au akiwa na homa, mpeleke hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja. Na mwalimu aambiwe kwa maandishi mafupi kwamba mtoto yuko kwenye mapumziko ya goti, ili dakika anazokosa zisihesabiwe utoro.

Kuhama ni mlango wa mwisho, usiufungue katikati ya msimu. Mpe mwalimu wiki 8 baada ya kuzungumza naye. Zikipita na daftari halijabadilika, subiri msimu uishe, uliza kama mtoto alisajiliwa kwenye mashindano yoyote ya chama, na kama alisajiliwa aondoke na barua. Huko unakohamia usiulize wana makombe mangapi. Uliza wana watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, mipira mingapi, na ukae uhesabu mguso wa mpira kama tulivyosema. Shuleni pia kuna timu. Michezo ya UMITASHUMTA huanzia shuleni hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na mwalimu wa michezo wa shule huenda akamwona kiungo pale ambapo kituo kinamwona beki.

Sasa Jumamosi. Usiende kumsema. Siku ya fainali mwalimu ana presha, wazazi wana presha, na mwanao ndiye atakayebaki na aibu mazoezini Jumatatu. Nenda uangalie mechi, jaza daftari, rudi nyumbani. Jumanne au Jumatano, mazoezi yakiisha na watoto wakiwa wanakusanya koni, mwombe dakika 15 pembeni, wewe na baba mtoto au mjomba wake kama wapo. Usimtaje mtoto wa mtu yeyote. Mwambie: "Mwalimu, asante kwa kazi. Huyu kacheza dakika 61 katika 450, hizi hapa nimeandika. Sijaja kudai namba. Naomba unitajie vitu viwili ambavyo akivifanyia kazi wiki 8 utamwamini mechi ikiwa ngumu." Kisha nyamaza, umwache ajibu. Akitaja vitu vinavyoonekana, kama kutazama kabla ya kupokea au kurudi kukaba, viandike mbele yake na tarehe. Akisema tena "ni mdogo wa umbo", muulize kwa upole, "Na vile ambavyo havitegemei umbo, ni vipi?"

Baada ya hapo ndipo lileteni la saba kwa saba, mkiwa wazazi watano au sita, mkiwa na vipimo na mianzi imeshapatikana.